Sauti Iliyoniletea Bei za Hagadera

Siku hizi sifanyi kazi. Macho yangu yameingia ukungu, na daktari amenikataza kukaa mbele ya kompyuta. Basi baada ya swala ya adhuhuri, saa ile mtaa wetu wa Waberi hapa Garissa unapotulia na mbuzi wanajilaza kwenye vivuli vya kuta, mimi hukaa barazani nikafumba macho, na mara nyingi ninachokiona ni mstari. Ni mwembamba, wa rangi ya bluu, unatoka kushoto kwenda kulia, unapanda kidogo, unashuka kidogo, kama ardhi ya kwetu inavyoonekana kwa mbali ukiwa njiani kwenda Wajir. Ni mstari wa bei ya sukari. Wenzangu wakistaafu huota nyuso za watu waliofanya nao kazi. Mimi naota sukari.

Mwalimu wenu ameniomba niwaandikie, nyinyi vijana wa darasa la tovuti, jinsi nilivyojenga tovuti ya kufuatilia na kulinganisha bei. Habari za kuandika programu mnazijua kuliko mimi. Lugha za kompyuta nilizojifunza, mbili kati ya hizo sidhani kama kuna mtu anazitumia tena. Nitawaandikia yale ambayo hayamo kwenye masomo yenu, na nitayaandika jinsi yanavyonijia, kwa hiyo msitafute mpangilio. Mengi yalisemwa kwa Kisomali. Nayaandika kwa Kiswahili kwa sababu darasa lenu lina watoto wa kila upande.

Nilianza kama mpiga chapa. Maalim Keynan alikuwa amefundisha hisabati mpaka koo likamchoka, akafungua chumba cha kompyuta karibu na soko la Garissa. Alinichukua kwa sababu nilijua kupiga chapa bila kuangalia vidole. Baadaye akaanza kunifundisha programu, kwa namna ile ile aliyofundisha hesabu: anakaa pembeni na kikombe cha chai, anakuacha ukosee, anakuacha ukosee tena, na ukishachoka kabisa ndipo anauliza, "Sasa tuanze?"

Wazo la tovuti lilitoka kwa kina mama. Walikuwa wanakuja pale chumbani kupumzika chini ya feni, wametoka kuzunguka soko zima kwenye jua kutafuta duka lenye unga wa bei nafuu. Wakikaa hubishana. Huyu anasema kabla ya mfungo sukari ilikuwa chini, yule anasema haijawahi kuwa chini. Kila mmoja alikuwa na bei yake ya zamani kichwani, na zote zilikuwa tamu kuliko ilivyokuwa kweli. Maalim aliwasikiliza kwa siku nyingi. Siku moja akaniambia, "Shukri, hawa wanahitaji mahali pa kuweka kumbukumbu zao."

Nikajenga. Niliona fahari sana. Ukifungua ukurasa unaona bidhaa, soko, na bei ya leo, na kila asubuhi nilipoingiza bei mpya, ile ya jana ilifutika ikaachia nafasi. Mama mmoja akaja, akatazama, akasema ni nzuri. Kisha akauliza, "Mwezi uliopita ilikuwaje?" Nikabofya huku, nikabofya kule. Hakukuwa na mwezi uliopita. Nilikuwa nimeufuta mimi mwenyewe, siku baada ya siku, kwa bidii. Maalim alimaliza chai yake ndipo akasema, "Umejenga ubao wa dukani. Sasa tuanze?"

Kwa hiyo shikeni hili: bei ya jana haifutwi. Bei mpya inaandikwa chini yake, na kila bei ina mambo manne ya kuandamana nayo: ni ya kitu gani, kwa kipimo gani, ni wapi na lini, na nani amesema. Kipimo ndicho kitakachowasumbua kuliko yote. Kuna wakati mstari wa tambi ulinyooka kama barabara mpya, miezi na miezi, nasi tukafurahi kwamba tambi imetulia. Kumbe pakiti ilikuwa inapungua uzito kimyakimya na bei inabaki pale pale. Tangu siku hiyo nilitembea sokoni na mizani ndogo ndani ya mkoba, na wauza duka walikuwa wakiniona kwa mbali wanasema, "Polisi wa tambi huyo anakuja."

Jambo lingine la kuchekesha. Mnajua sisi Wasomali tunavyoisema ile herufi ya P, inatoka kama B. Wakusanyaji wetu walituma bei kwa ujumbe mfupi, na kila mtu aliandika anavyotamka. Kwa hiyo kwenye tovuti yetu palikuwa na pilipili, na chini yake palikuwa na bidhaa nyingine iitwayo bilibili. Programu ilizilinganisha kwa uaminifu mkubwa. Mnunuzi mmoja wa Nairobi alituandikia barua pepe ya heshima akiuliza bilibili ni zao gani, linalimwa wapi, na kwa nini bei yake inakaribiana sana na ya pilipili. Maalim alitaka tumjibu kwamba ni ndugu yake. Ikabidi tuifundishe programu kutambua majina yote ya kitu kimoja, na kazi hiyo haikuwahi kuisha. Mtu wa Mandera akiita kitu kwa jina ambalo Garissa halijawahi kusikika, tunaliongeza.

Watu wa Nairobi waliokuwa wanafanya kazi kama yetu walikuwa na programu zinazotembelea tovuti za maduka makubwa na kunakili bei zenyewe, bila mtu kuinuka kitini. Walitushangaa. Lakini maduka ya kwetu hayakuwa na tovuti. Programu yetu ya Hagadera ilikuwa Sahra.

Sahra alikuwa muuza maziwa ya ngamia pale Hagadera, ndani ya kambi ya wakimbizi, sokoni. Binamu yangu aliyekuwa akifanya kazi Dadaab ndiye aliyeniunganisha naye. Kila asubuhi kabla jua halijakaza alizunguka vibanda, akauliza, kisha akanipigia simu. Tulikuwa tumemwambia atume ujumbe, ni rahisi zaidi. Alikataa. "Ukisoma ujumbe utajua bei," alisema. "Ukinisikia utajua soko."

Alikuwa sahihi. Hakuwahi kuanza na bei. Alianza na salamu, akaja kwenye upepo, akasema kama malori ya maji yamepita, na nyuma yake nilisikia mikokoteni ya punda, watoto wakienda shule, mtu akigonga bati. Ndipo anaingia: sukari, unga, mchele, mafuta, tambi, maziwa ya unga, maziwa ya ngamia. Alizitaja kwa mwendo mmoja, kila siku kwa mpangilio ule ule, na sauti yake ilishuka kidogo kila alipofika kwenye mafuta, sijui kwa nini. Mkono wangu uliandika wenyewe. Mimi nilikuwa kule. Nilikuwa nimeshamjengea uso, mwili, hata rangi ya shungi. Miaka ikapita hivyo. Nilijua mtoto wake wa pili ana kikohozi cha vumbi, yeye alijua mume wangu hapendi tambi. Hatukuwa tumewahi kuonana.

Siku moja hakupiga.

Nilidhani ni mtandao. Kesho yake pia kimya, na nilipompigia, simu haikupatikana. Kwenye mstari wa Hagadera, pale mwisho, paliingia nafasi tupu. Nilikuwa na ripoti ya kupeleka kwa ofisi moja iliyokuwa inanunua takwimu zetu, na mstari wenye tundu hauvutii, kwa hiyo nilitaka kuunganisha ile bei ya mwisho na yoyote ambayo ingefuata. Programu inaweza kufanya hivyo kwa amri moja fupi. Kidole kilikuwa tayari juu ya kitufe.

"Unajua bei ya leo ya Hagadera?" Maalim aliniuliza.

"Sijui, lakini haiwezi kuwa mbali na ya juzi."

"Kama hujui, acha peupe."

"Maalim, watasema tovuti yetu imeharibika."

"Waseme. Anayeona pengo atauliza kuna nini. Ukimchorea mstari hatauliza kitu."

Nikaondoa kidole. Nami, kwa kuwa nililiona pengo lile kila nilipofungua kompyuta, nikaanza kuuliza. Habari zikaja adhuhuri moja na dereva mmoja wa lori: moto ulikuwa umeshika safu ya vibanda katika soko la Hagadera. Ulianzia kwenye jiko la mkahawa, upepo ukaubeba. Alhamdulillahi hakuna aliyekufa. Lakini mali imeteketea, akasema, soko limefungwa, hakuna haja ya mtu kupeleka mzigo kule.

Binamu yangu alinipatia nafasi kwenye gari la kazini kwake pamoja na kibali cha kuingia, nikaenda. Barabara yote nilikuwa nimekaa dirishani. Joto lilikuwa limeinua ardhi, miti ya mbele ilionekana inaelea juu ya maji yasiyokuwepo, na nilijikuta nawaza jambo la kipuuzi, kwamba labda Sahra mwenyewe hajawahi kuwepo, kwamba miaka yote hii nilikuwa nazungumza na upepo wa kule.

Soko lilinuka moshi uliolala. Safu nzima ilikuwa nguzo nyeusi na mabati yaliyojikunja. Watu walikuwa wanafukua kwa mikono, polepole, kama watu wanaotafuta kitu ambacho hawakumbuki ni nini. Niliuliza Sahra. Nikaonyeshwa Sahra mmoja, bibi kizee, siye. Nikaonyeshwa mwingine, mwalimu, siye. Nilikuwa nimesimama katikati ya njia nikijiuliza nianzie wapi, nikasikia nyuma yangu mtu akimwambia mteja, "Leo si kama juzi, mama. Leo upepo umegeuka, na maziwa yamechelewa."

Sikugeuka mara moja. Nilisimama nikasikiliza mpaka akamaliza. Kisha nikamwendea. Alikuwa ameketi barazani mwa duka la mawe ambalo moto haukulifikia, mbele yake kuna jerikeni moja ndogo ya maziwa. Nikauliza, "Abaayo, dada yangu, sukari ni bei gani?"

Aliinua macho. Uso wangu haukumwambia lolote. Kisha nikaona ile sauti ikimfikia, na akaweka mkono mdomoni.

"Shukri?"

"Ni mimi."

Akanitazama kuanzia juu hadi chini. "Nilidhani wewe ni mrefu."

"Nami nilidhani wewe ni mnene."

Tulicheka mpaka watu wakageuka, kwenye majivu yale, tumeshikana mikono. Akanieleza. Kibanda chake kilikuwa kimeungua pamoja na sanduku, na simu ilikuwa ndani ya sanduku, na namba yangu ilikuwa ndani ya simu. Kichwani hakuwa nayo. Maziwa yale alikuwa amekopeshwa na shemeji yake ili aanze upya. Nilikuwa na simu ndogo ya akiba, nikampa. Kisha, kwa mazoea, nikamwuliza tena bei.

Alitazama mlango wa duka nyuma yake. "Twende tunyooshe miguu," akasema.

Tulitembea mpaka mwisho wa vibanda, pale palipobaki mchanga na ua wa miiba. Pale ndipo aliponiambia habari za Dagane, mwenye duka lile la mawe. Moto ulipopita alibaki peke yake na sukari, unga na mafuta. Bei ilikuwa imepanda mpaka watu wanakunywa chai chungu na kuwakorogea watoto uji mwepesi kama maji. Malori hayaji, kwa kuwa kote Dadaab na Garissa imesemwa soko limefungwa. Dagane alimpa Sahra ile baraza akae bila malipo mpaka asimame tena. Hakumwekea sharti lolote. Ila jana yake alikuwa amesimama mlangoni akauliza, kama mtu anayeuliza habari za mvua, "Wale wa Garissa bado wanakupigia?" Na Sahra aliposema simu imeungua, akasema, "Basi ni heri. Wakikuuliza, waambie soko limefungwa."

"Nikisema bei, atajua ni mimi," Sahra alisema. "Na sina pengine pa kukaa. Jua hili linaharibu maziwa kabla hata sijamaliza salamu."

Vijana wangu, hapa sitawadanganya kwamba nilikuwa na busara. Nilitaka ile bei. Nilikuwa nimesafiri kwa ajili ya Sahra na kwa ajili ya bei hiyo. Lakini baraza haikuwa yangu, wala watoto wanaosubiri maziwa yauzwe hawakuwa wangu. Nikamwambia, "Hili ni lako. Nikirudi bila bei, patabaki peupe, na hakuna atakayejua."

Mkokoteni wa punda ulipita na mapipa ya maji. Aliufuata kwa macho mpaka ukaishia mbali.

"Hiyo tovuti yenu," akauliza, "nani anaiangalia?"

"Sijui wote. Wenye malori wanaiangalia, hilo nina hakika. Bei ikichelewa hunipigia simu kunifokea."

Akatabasamu kidogo. Akajifunika shungi lake vizuri, akatazama mbele, na akaanza. Mwanzoni alinong'ona: sukari, unga, mchele. Alipofika kwenye mafuta sauti yake ikashuka kama ilivyoshuka siku zote, na baada ya hapo akasema kwa sauti yake ya kawaida mpaka mwisho. Niliandika zote. Nilipodhani amemaliza akasema, "Na uandike kwamba soko liko wazi. Watu wapo, wanunuzi wapo. Uandike hivyo."

Jambo hilo lilinisumbua njia nzima ya kurudi, kwa sababu ya kifundi kabisa. Tovuti yetu haikuwa na mahali pa kuandika sentensi. Tulikuwa tumeijenga ipokee namba, kipimo, tarehe na jina la soko. Ungejaribu kuingiza neno pale pa namba, ingelikataa. Nilimweleza Maalim. Mara hiyo hakuagiza chai. Tulikaa pamoja alasiri ile, nikaongeza nafasi ndogo chini ya mstari wa kila soko, na ndani ya ile ya Hagadera nikaandika: Soko liko wazi, wanunuzi wapo. Hiyo ndiyo sentensi ya kwanza iliyowahi kuandikwa kwenye tovuti yetu. Kulia kwa pengo jeupe ikatokea nukta moja, juu sana, peke yake. Mkijenga zenu, acheni mahali pa maneno. Siku moja mtu atakuwa na jambo la kusema ambalo namba haiwezi kulibeba.

Simu zilianza kabla ya magharibi. Wa kwanza aliuliza kama ile bei ni makosa ya uchapaji. Nikamwambia nimeisikia kwa masikio yangu. Kesho yake lori la kwanza likaondoka Garissa, likafuatwa na mengine kutoka Dadaab. Sahra alinipigia kwa ile simu ndogo: salamu, upepo, na nyuma yake nikasikia ngurumo ya injini. Sukari ilikuwa imeanza kushuka.

Dagane hakupiga kelele. Alimwendea Sahra akiwa ameshika tasbihi yake akasema, "Sikufukuzi, lakini hapa nahitaji nafasi ya magunia." Sahra akabeba jerikeni yake, akaenda kukaa upande wa pili wa njia, kwenye mchanga mtupu, na kipande cha katoni kichwani. Nilimpigia kila siku, hata siku za mapumziko. Niliogopa kuuliza, halafu siku moja nikauliza kama amejuta.

"Nilijuta asubuhi," akasema. "Mchana nikasahau. Jioni nikajuta tena. Unga umeshuka, andika."

Wanawake wengine walioungua vibanda wakaja wakaketi kando yake, mmoja akaleta nguzo, mwingine akaleta turubai. Safu mpya ikaota pale pale alipokuwa amekaa yeye kwanza. Mpaka alipoondoka, watu walikuwa wanapaita kwa Sahra.

Ningeishia hapo mngefurahi, lakini Dagane naye alinipigia simu. Alipata namba sijui wapi.

"Kwa nini mliandika bei yangu?"

"Adeer, mzee wangu, hatuandiki jina la duka lolote."

"Duka lililobaki lilikuwa moja. Hata mtoto anajua." Nikamsikia akivuta pumzi. "Ndugu yangu aliungua kila kitu. Wake na watoto wake wote wako kwangu, wanakula kwangu. Na gunia nililouza lile ndilo lilikuwa la mwisho, sikujua la pili litatoka wapi. Hilo mliliandika?"

Nilimwambia Maalim maneno hayo, naye akakaa muda mrefu akitazama kile kisanduku kidogo tulichoongeza chini ya mstari. Hatukuwa tumeandika uongo. Hata hivyo, kila nilipoiona ile nukta ya juu, nilikuwa naona sahani za wale watoto. Nami nataka mjue hivyo mapema, kabla hamjapenda sana grafu zenu: kila nukta mnayoweka kuna mtu amesimama juu yake, anauza au ananunua, na ana sababu.

Ukali wa Dagane ulipoa. Msimu mmoja Sahra aliposhikwa na homa, simu ililia asubuhi na alikuwa Dagane mwenyewe. Alinisomea bei zote za soko kwa makini, zikiwa na vipimo na kila kitu. Nilipomaliza kuandika nikagundua amenipa bei za maduka yote isipokuwa lake. Nikamuuliza. "La kwangu ulishaliandika zamani," akasema, na kwa mara ya kwanza nikamsikia akicheka.

Mambo mengi yalibadilika baada ya hapo. Simu zikawa na kamera, watu wakawa wanapiga picha ya bidhaa na programu inasoma yenyewe. Maalim Keynan aliniachia funguo za chumba, akarudi kwenye ngamia wa baba yake huko Balambala, na Mwenyezi Mungu akamchukua huko kwa upole, akiwa usingizini baada ya alasiri. Kisha jina la Sahra likatoka. Mnaoishi huku mnajua maana yake mtu akisema jina limetoka: mkimbizi amekubaliwa kuhamia ng'ambo. Alikuwa ameomba miaka mingi, mpaka mimi nilikuwa nimesahau kwamba anasubiri. Nchi ya baridi, yeye na watoto. Asubuhi ya mwisho alinisomea bei akiwa ndani ya basi, na nyuma ya sauti yake hapakuwa na soko tena, palikuwa na watu wanalia. Alipofika kwenye mafuta sauti ikashuka. Haikupanda tena. Tukakata.

Hagadera ikashikwa na vijana wawili hodari. Walituma bei ndani ya dakika, safi, bila kosa, na mstari ukawa mzuri kuliko wakati wowote. Mimi nilikuwa naupokea na kuuweka mahali pake, na kila asubuhi nilikaa kidogo na simu mkononi bila kujua nasubiri nini. Baadaye macho yakaanza. Nikastaafu.

Sahra hunipigia bado. Wiki chache zilizopita alinipigia mchana, nikiwa hapa barazani, na kwao ilikuwa asubuhi. Tuliongea habari za watoto. Yule wa kikohozi sasa ni mrefu kuliko mlango na anafanya kazi ya kuendesha basi. Sahra mwenyewe anafanya usafi kwenye jengo la ofisi. Nyumba ina joto, hakuna vumbi, anamshukuru Mungu. Sauti yake ilikuwa ile ile, lakini nyuma yake palikuwa kimya kabisa, kimya kama cha chumba kilichofungwa madirisha yote. Nikauliza lile nililolizoea.

"Maziwa huko ni bei gani, abaayo?"

Nikadhani mtandao umekatika.

"Sijui," akasema.

"Hujui?"

"Imeandikwa kwenye karatasi ndogo mbele ya rafu. Nachukua, napitisha kwenye mashine, mashine inalia, natoka. Shukri, tangu nije huku sijawahi kumuuliza mtu bei ya kitu." Nikamsikia akiinuka, akivuta kiti. "Niulize tena kesho. Nitakwenda nikaangalie."

Kesho yake baada ya swala nikampigia. Alianza na salamu. Akaniambia habari za upepo, unatoka upande wa ziwa, na theluji imelala juu ya magari kama pamba. Akaniambia dukani alimsimamisha mwanamke mgeni, akamuuliza mchele mzuri ni upi, na yule mwanamke akasimama wakaongea. Ndipo akaanza: sukari, unga, mchele, mafuta, tambi, maziwa. Zilikuwa kwa fedha ambazo sizijui, kwa vipimo ambavyo sivijui, na sikuwa na kalamu wala kompyuta. Nilifumba macho nikasikiliza mpaka mwisho, kisha nikamwomba arudie bei ya sukari.